Taa Mbili za Ujenzi na Mkono wa Shangazi

Shangazi yangu ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Tulia. Hakuna aliyekaa akamchagulia jina hilo, ni neno lake mwenyewe lililomganda. Ukikaa kwenye kile kiti chake cha mbao atakwambia tulia kabla hujatikisika, tulia ukishatikisika, na tulia hata ukiwa umetulia kama gunia la mchele. Nusu ya watu wa mtaa huu walipigwa naye picha yao ya kwanza, wakiwa wachanga, wamelazwa kwenye kigodoro juu ya meza, wamekunja ngumi kama watu waliokuja kudai haki.

Watoto wachanga ndio waliomjengea jina. Picha za paspoti kila mtu anapiga. Lakini mtoto wa miezi mitatu, anayerusha miguu, anayekojoa pale unapobonyeza, huyo alikuwa wa Tulia. Ukutani kwake kuna safu nne za nyuso ndogo zisizo na meno, na anazijua zote: huyu sasa ni dereva, huyu ana mapacha, huyu alinitapikia.

Chumba chake kiko ghorofa ya pili ya jengo kuukuu, lenye ngazi za saruji zilizolika katikati. Mlango wa kushoto ni wake. Wa kulia ni wa fundi cherehani, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye kwa miaka kumi na mitano amegombana na shangazi juu ya nani afagie korido, na kwa miaka hiyo hiyo hajakosa kumletea chai ya saa nne. Mimi niko kona ya ndani, kwenye kompyuta. Nasafisha picha na kuzichapa. Niliwahi kuanza diploma ya umeme nikaiacha katikati, na kwa sababu hiyo shangazi akinitambulisha kwa wateja husema, "Huyu ni injinia, ila amekuja nusu."

Zamani hakuhitaji taa. Alikuwa na dirisha. Dirisha kubwa lililoingiza jua la asubuhi, shangazi akalichuja kwa pazia jeupe, na ukikaa pale hata kama umetoka kwenye mazishi unaonekana umetoka fungate. Kisha ng'ambo ya barabara wakaanza kuinua jengo. Orofa ya kwanza tukasema si kitu. Ya tatu likaanza kula jua. Ya sita likalimaliza, likajifuta mdomo.

Nilimshauri apige picha nje. Akaniangalia kama niliyemwambia akauze mboga kwenye msikiti.

"Nje kila mtu ana simu yake," alisema. "Akija kwangu ametaka kuta, kitambaa safi na mtu wa kumkemea."

Katika ile miezi ya ujenzi alikuwa akisimama dirishani akiwatazama mafundi wakipiga plasta vyumba vya ndani, na akaona wanamulikiwa na taa za manjano za miguu mitatu, zile za halojeni za wati mia tano, zinazoangaza kama zimekasirika. Walipomaliza, akashuka, akavuka barabara, akamwomba msimamizi wao amuuzie mbili.

"Mama," msimamizi akamuuliza, "una ukuta gani wa kupiga plasta?"

"Nyuso za watu," shangazi akajibu. "Zingine zina nyufa kuliko jengo lako."

Akauziwa kwa bei ya kutupa. Ndivyo tulivyoanza kuishi na moto ndani ya nyumba.

Naomba nimtendee haki: mwanzoni hakuna mtu aliyezitumia taa zile kwa adabu kama yeye. Nilimweleza niliyojua, na hicho ndicho kipande cha diploma yangu kilichowahi kumfaa mtu. Balbu isiguswe kwa kidole kitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo chake, pale yalipo panapata joto zaidi, na siku moja inapasuka. Shangazi akatenga leso safi ya kushikia balbu, na ole wako ujifutie jasho. Kioo cha mbele na wavu wake visitolewe hata kama mwanga unaonekana mdogo, maana balbu ikipasuka hicho ndicho kinachobaki kati ya vipande vya moto na sura ya mteja. Waya wa kurefushia usiachwe umezungushwa kwenye gurudumu lake. Ukiuvuta nusu na nusu ikabaki ndani, ile ya ndani inajipika. Shangazi akawa anaumwaga wote sakafuni, anaupitisha kando ya ukuta na kuubandika kwa tepu asijikwae mtu. Kila taa na soketi yake. Mguu wa kila stendi ulifungiwa mfuko wa mchanga, hata mtoto mtundu angeupiga teke, angeumia yeye.

Taa zenyewe alizielekeza darini. Mwanga unapanda, unagonga dari jeupe, unashuka umepoa na umelainika. Zikikutazama usoni moja kwa moja unatoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Sakafuni alibandika alama za tepu nyekundu: stendi hapa, meza pale, kati yao hatua nne.

Na juu ya sheria zote kulikuwa na mkono wake wa kushoto. Kabla ya kumweka mtu yeyote mahali, shangazi alinyoosha mkono pale pale uso utakapokuwa, kiganja kikiitazama taa, akasema polepole tulia, tulia, tulia, mara kumi. Mkono ukivumilia, mteja anakaa. Ukilalamika, taa inarudi nyuma. Akiwa na mtoto mchanga alifanya hivyo kila baada ya dakika mbili. Akina mama walimpenda kwa jambo hilo moja kuliko kwa picha zenyewe.

Sasa, ubaya wa mwanga wa darini ni kwamba ni mchache. Kamera ya shangazi ni ya zamani. Ukiilazimisha kuona gizani inatoa picha yenye chenga kama uji uliokorogwa vibaya. Kwa hiyo lazima ifumbue jicho muda mrefu kidogo. Mtu mzima ukimwambia tulia anatulia. Mtoto mchanga hajui lugha hiyo. Anapunga mkono, na pichani anatoka na mikono sita.

Na masika ya pili maji yakavuja, dari likageuka rangi ya chai, mwanga ukazidi kupungua.

Hapo ndipo taa zilipoanza kutembea. Sikuona siku hata moja zikihama. Niliona tu kwamba tepu nyekundu ilikuwa mpya, na pembeni yake kuna gundi ya tepu ya zamani. Hatua nne zikawa tatu na nusu. Tatu. Kisha taa moja ikainamishwa kutoka darini, ikawa inamulika meza kwa upande. Kila mara shangazi alinyoosha mkono, akahesabu tulia zake kumi, akasema, "Safi kabisa." Na picha kweli zilitoka safi. Watoto wote na mikono miwili miwili.

Fundi cherehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, lakini alisema kwa mzaha, na mzaha wa fundi tulishauzoea.

"Tulia, siku hizi unapiga picha au unabanika? Yule bwana wa paspoti ametoka hapa ameiva upande mmoja."

"Huyo alikuwa na joto lake la kudaiwa nyumbani," shangazi akajibu. "Kashone zipu."

Mimi nilikuwa na ushahidi mbele ya macho na sikujua kuwa ni ushahidi. Picha zilikuja kwenye kompyuta na mapaji ya nyuso yaking'aa jasho. Mimi kazi yangu ni kufuta. Chunusi nafuta, uzi begani nafuta, jasho nalo nikafuta. Wiki baada ya wiki nilimkausha kila mteja, nikamkabidhi akiwa mkavu, na shangazi akizipokea alisema, "Unaona? Wala hawatoki jasho."

Kitu ambacho sisi hatukukijua ni kwamba mkono wa shangazi ulikuwa umekufa ganzi.

Sukari alikuwa nayo, hilo tulijua. Vidonge alivimeza siku anapovikumbuka. Lakini vidole hakuvisema kwa mtu. Niliwahi kumwona akishindwa kuokota sindano ya fundi sakafuni, akaisukuma kwa kiatu hadi mlangoni. Nikacheka. Nilidhani ni uvivu.

Asubuhi moja akaja binti mwenye duka la simu la chini, na mtoto wake wa miezi minne. Binti huyo mwenyewe yuko ukutani, safu ya pili, amevaa kofia kubwa kuliko kichwa.

"Shangazi, nimekuletea mjukuu," alisema. Wale wa ukutani humwita shangazi, si mimi tu. "Nataka kama ile yangu, lakini bila kofia."

"Kofia ulilia ukaitaka wewe," shangazi akamwambia. "Mlaze hapa."

Alikuwa na furaha siku hiyo. Akanyoosha mkono juu ya kigodoro, akahesabu mara kumi. Safi kabisa. Mtoto akalazwa. Mtoto akaanza kulia.

"Wote huanza kwa kunichukia," shangazi akasema, jicho kwenye kamera. "Tulia, baba. Tulia."

Mama akampa nyonyo, akamrudisha. Akalia tena, akageuzia uso upande wa pili. Mama akamgeuza. Akageuka. Shangazi akapiga, akapiga, akasema mara hii tunapata nzuri sana, mshike kichwa. Ilichukua kama dakika tano.

Fundi akaingia na chai. Kama kawaida yake akapita kati ya taa na meza ili amchekeshe mtoto, na alipofika pale akaruka, chai ikamwagika.

"Wee Tulia! Hapa pana moto!"

"Toka kwenye mwanga wangu."

"Mwanga gani? Hii ni pasi!" Akamgeukia mama. "Mtoe mtoto. Mtoe, nakwambia!"

Binti akaweka mkono, akapiga yowe, akamnyakua mtoto. Shavu la kulia na sikio vilikuwa vyekundu, vinameremeta, kama vimepakwa rangi. Nikachomoa taa moja. Ile nyingine, iliyokuwa upande wa shangazi, ikabaki inawaka.

"Nimepima," shangazi akasema. "Mlikuwepo wote. Nimepima kwa mkono wangu."

"Mkono wako umelala," fundi akamwambia. Mara hii hapakuwa na mzaha. "Mimi nashika pasi mwaka wa thelathini. Hapa mtu hawezi kuweka mkono akahesabu kumi. Hata tatu."

"Mkono wangu umelala? Mkono huu?"

Akauinua, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaushika wavu wa taa iliyokuwa inawaka. Hakuugusa. Aliushika, kama mtu anavyoshika mkono wa mlango.

"Haya. Uko wapi moto? Ni vuguvugu."

Harufu ya ngozi kuungua ilitufikia sisi kabla haijamfikia yeye. Nakumbuka uso wake: uso wa mtu aliyeshinda hoja. Kisha akaona sisi hatumtazami usoni, akashusha macho. Fundi aliupiga mkono ule kwa nguvu hadi ukaachia, na sehemu ya ngozi haikuja nao.

Hakulia. Aliutazama mkono kama umeletwa na mteja ili aurekebishe. Halafu akamtazama mtoto, na hapo ndipo alipokaa chini sakafuni, juu ya tepu zake.

Mtoto, tumshukuru Mungu, alipona. Kliniki walimwekea maji ya bomba kwa muda, wakampa dawa ya kupaka, na wekundu ukaisha baada ya siku chache. Shangazi ndiye aliyebakizwa. Nesi alimfumbisha macho, akamgusa ncha za vidole kwa pini, akamuuliza anahisi nini.

"Nihisi nini?" shangazi akauliza. "Umeanza?"

"Nimemaliza, mama. Ganzi hii ni ya tangu lini?"

"Asubuhi asubuhi tu."

"Asubuhi za tangu lini?"

Shangazi akatazama dari. "Tangu mwaka juzi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Ndio mkono wanaouamini."

Kidonda kilichukua wiki tisa. Kidonda cha mtu mwenye sukari hakina haraka, kinakaa kama mgeni aliyeona chakula ni kizuri. Kiganja kikafunga kikiwa kimekakamaa. Katika wiki hizo mimi nilirudi kwenye kompyuta nikafungua picha za asili, zile ambazo sijazigusa. Nikazipanga kwa miezi. Mapaji ya nyuso yalikuwa makavu, kisha yenye unyevu, kisha yanayotiririka, mwezi hadi mwezi. Yote yalikuwepo. Nikamwendea nyumbani nikamwambia.

"Ulifuta?" aliuliza.

"Nilifuta."

"Ulifuta vizuri sana," alisema. "Sikuona hata tone."

Hakuwa ananikemea, na ndilo lililoniumiza. Kukemewa nimezoea.

Nikamwambia kuna taa za siku hizi zisizotoa joto. Akaniuliza bei. Nikamtajia. Akaniuliza kama zinakuja pamoja na nyumba.

Aliporudi kazini, mimi na fundi tulikuwa tumepaka dari chokaa mpya. Fundi alitoa futi yake ya kushonea, tukapima hatua nne kwa sentimita, tukabandika tepu, na taa zote mbili zikaelekezwa juu tena. Shangazi alitutazama akiwa kwenye kiti cha wateja. Kisha akaja mtu wa paspoti, na shangazi, kwa mazoea, akanyoosha mkono wa kushoto. Akauona. Akaurudisha mfukoni.

"Weka mkono wako hapo mwenyewe," akamwambia mteja. "Ukichoma, sema."

"Mimi nimekuja kupigwa picha, si kupima joto," yule bwana akasema.

"Basi leo vyote viwili."

Ikawa hivyo. Watu wazima walijipimia, walikaa, walitulia, picha zilitoka. Tukadhani tumevuka.

Kisha binti wa duka la simu akarudi. Hatukumtegemea. Alipanda ngazi na mtoto mgongoni, sasa ana miezi saba, shavu safi kama jingine. Alisema wamesameheana, na kwamba ukuta wa watoto bila mwanawe hataki kuuona.

Shangazi akamlaza mtoto pale pale, hatua nne, mwanga wa darini. Akapiga picha kumi. Nikazifungua. Kumi zote zilikuwa ukungu: mtoto mwenye pua tatu, mtoto mwenye ngumi kama mkia wa kimondo. Akapiga kumi nyingine. Mtoto wa miezi saba ni mbaya kuliko wa minne. Anataka kuondoka mezani kwenda kutafuta kazi.

"Nzuri hakuna?" shangazi akauliza.

"Hakuna."

Binti akaitazama taa. "Sogeza kidogo tu, shangazi. Ielekeze huku. Mimi nitaweka mkono wangu, wala sitauondoa. Nikiona joto nasema."

Nikamtazama fundi, aliyekuwa mlangoni. Fundi akatazama viatu vyake. Lilikuwa wazo zuri, na wote watatu tulitaka akubali. Shangazi akaenda kwenye stendi, akaishika. Akakaa hapo, kichwa kimeinama, kwa muda ambao angehesabu tulia kumi na zaidi. Nilijua anachoona: safu ya tano ukutani, ikianza na mtoto huyu.

"Mkono wako utakaa hapo ukimtazama yeye akicheka," alisema mwishowe. "Utasahau. Mama yeyote angesahau. Nami nitakuwa nimesimama hapa hapa, na sitajua."

"Ni dakika mbili tu, shangazi."

"Ile ilikuwa tano." Akainama, akachomoa waya ukutani, kisha wa pili. Chumba kikawa na rangi ya jengo la ng'ambo. "Mpeleke kwa yule wa kule stendi ya mabasi. Ana taa za fleshi, za kuwaka mara moja na kuzima. Ni mpumbavu, atakata vidole vya miguu kwenye picha, lakini hatamchoma."

"Simtaki yeye."

"Na wengine ukiwasikia, waambie. Tulia hapigi tena wachanga."

Binti alisimama kidogo, kama anayengoja mtu amwambie ni utani. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akautaka mkono wa shangazi, ule wa kushoto, kwa makusudi kabisa, akaushika kwa mikono yake miwili. Sijui shangazi alihisi nini hapo. Binti akashuka ngazi polepole.

Ilikuwa bado asubuhi, lakini shangazi alisema tufunge. Akaanza kukunja kitambaa cha nyuma. Akaondoa kigodoro mezani, akakisimamisha nyuma ya mlango. Akafika kwenye stendi, akataka kuzikunja. Taa hizi hazikunjwi hadi zipoe, na zinachukua muda wake. Akapeleka mkono kwenye wavu, akausimamisha hewani.

"Fundi," akaita, bila kugeuka. "Hebu njoo uniangalizie. Zimepoa?"

Fundi akaja, akaweka mgongo wa kidole.

"Bado, dada."

Shangazi akavuta kiti cha wateja, akakaa, akizitazama zikipoa.